Pawa ampu ya tyubu kwa gitaa la besi: ni kitu gani hasa na unaichaguaje

Mpiga besi akisema anatafuta ampu ya tyubu (chupa za kioo za kukuza saundi) bado hujajua anatafuta nini, kwasababu ndani ya ampu moja kuna sehemu mbili na kila moja inaweza kuwa na tyubu zake au isiwe nazo kabisa. Kuna priampu, hii inapokea ile saundi ndogo sana inayotoka kwenye gitaa, inaikuza kidogo, na hapo ndo kwenye vifundo vya besi, midi na trebo. Halafu kuna pawa ampu, hii ndo mbeba mzigo, inachukua saundi iliyokwisha kutengenezwa na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Sasa ampu nyingi zinazouzwa kwa jina la tyubu zina kityubu kimoja tu cha 12AX7 kwenye priampu, pawa yote iliyobaki ni transista (vipande vidogo vya kukuza umeme visivyo na kioo) au klasi D, ambayo nayo ni aina ya pawa ya transista. Sio mbaya, nyingine zinalia vizuri sana, ila sio kitu ninachokieleza hapa, na usikubali kulipa bei ya pawa ampu ya tyubu kwa ajili ya kityubu kimoja.

Pawa ampu ya tyubu ni ile ambayo kazi ya mwisho, ya kuendesha spika, inafanywa na tyubu kubwa, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani. Majina utakayokutana nayo sana ni 6L6, EL34, 6550 na KT88. Zinafungwa kwa jozi, mbili, nne, sita, nusu inasukuma na nusu inavuta, kila upande unashika sehemu yake ya wimbi. Tyubu hizi zinafanya kazi kwa volti kubwa, 400 mpaka hata 700, lakini mkondo unaopita ni mdogo. Spika inataka kinyume kabisa, volti chache na mkondo mwingi. Kwahiyo katikati lazima iwepo transfoma ya kutolea, na kazi yake ni kama gia ya lori kwenye mlima, inabadilisha kasi isiyo na nguvu kuwa nguvu isiyo na kasi. Ampu ya transista karibu zote hazina hii transfoma. Ya tyubu haiwezi kukwepa.

Na hapa kwenye transfoma ndo penye habari yote kwa mpiga besi, mimi naona mtu angeelewa hiki kipande tu angeacha kubishana kuhusu aina za tyubu. Iko hivi, transfoma ni waya umezungushwa kwenye chuma, na saundi inapita kutoka waya mmoja kwenda mwingine kwa njia ya usumaku ndani ya hicho chuma. Chuma kina kiwango chake cha usumaku, kikifika hapo kinashiba, hakipokei tena. Sasa noti ikishuka oktavu moja, kwa volti zile zile, usumaku ndani ya chuma unaongezeka mara mbili. E ya chini ya gitaa la kawaida ni hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), E ya besi ni hezi 41, na ukiwa na besi ya nyuzi tano ile B ya chini inafika hezi 31 hivi. Maana yake transfoma iliyotosha kabisa kwa mpiga solo wa wati 100, ukiipelekea besi kwa volyumu ile ile, inabebeshwa mara mbili au zaidi. Ikishiba utasikia: noti za juu bado ziko sawa, lakini ukigonga E ya wazi (uzi wa E bila kuubonyeza) kwa nguvu inatoka kama imekatwa miguu, unasikia mkwaruzo wa juu wa noti bila uzito wake wa chini, na tyubu nazo zinaanza kuvuta mkondo ambao hazikutakiwa kuvuta.

Ndo maana pawa ampu ya besi iliyotengenezwa kwa haki ni nzito, hakuna njia ya mkato, chuma kingi ni uzito. Ampeg SVT-CL, ampu ya besi ya tyubu ya kampuni ya Ampeg, ina uzito wa kama kilo 36 kichwa peke yake (ampu bila spika), na boksi lake la spika 8 za inchi 10 linapita kilo 60. Ukiambiwa hii ni wati 100 za tyubu tupu, priampu mpaka pawa, halafu unaibeba kwa mkono mmoja bila kuona shida, basi ama transfoma ni ndogo ama hizo tyubu hazifanyi kazi uliyoambiwa.

Sasa wati. Watu wengi wanaanzia hapa na ndo panapowachanganya. Ukizidisha wati mara mbili, 100 kwenda 200, unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 30 kwenda 300 ndo safari ya maana, kutoka 200 kwenda 300 sio. Kitu wati nyingi zinakupa kwenye besi ni akiba. Unapogonga uzi, ule mwanzo wa noti unaruka juu sana kwa kitambo kifupi halafu unatulia. Ampu isiyo na akiba inakata huo mwanzo. Ya transista ikifika mwisho inakata ghafla na unasikia uchafu mara moja, ya tyubu inajikunja taratibu, kichwa cha noti kinabonyea, mkia wake unaonekana mrefu zaidi, na hiyo ndo ile saundi nene inayokaa vizuri na drams ambayo watu wanailipia. Kwahiyo mtu akikwambia wati za tyubu ni kubwa kuliko wati za transista, wati ni wati, ila za tyubu unaweza kuzitumia mpaka juu kabisa na hata kupita kidogo bila kumkera msikilizaji, wakati za transista lazima uziachie nafasi.

Historia yenyewe inaonyesha hili. Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alitoa besi yake ya umeme, Precision, mwaka 1951, mwaka uliofuata akatoa ampu ya Bassman kwa ajili yake. Ile Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 50, yenye spika nne za inchi 10 na wati kama 40, ilikuwa inaelemewa na besi ikipandishwa sauti, wapiga gitaa la kawaida wakaipenda kwa hicho hicho, na Jim Marshall kule London alipoanza kutengeneza ampu zake mwaka 1962 alianzia kwenye michoro ya hiyo Bassman. Ampu ya besi ikawa babu wa ampu za roki! Ampeg wao walitoa B-15 Portaflex mwaka 1960, wati 25 na spika moja ya inchi 15, ikatawala studio kwa sababu studio hakuna haja ya kelele. Lakini majukwaa yalipokuwa makubwa wati 25 hazikusikika tena, na mwaka 1969 wakatoa SVT, wati 300 za tyubu, kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa cha kutisha. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huo huo zikiwa bado za majaribio. Za mwanzo zilitumia tyubu sita za 6146B, baadaye wakahamia 6550, ambayo mpaka leo ndo inahusishwa na ile saundi.

Kwahiyo wewe unahitaji ipi? Kama unarekodi nyumbani au studio, au unapiga mahali ambapo besi inapita kwenye mixa na spika za ukumbi, wati 25 mpaka 50 zinatosha sana, ampu inakuwa ya kukusikilizisha wewe na kutoa rangi. Kama unapiga na mpiga drams mzito kwenye ukumbi wa kati na hamna besi kwenye mixa, mimi nisingeshuka chini ya wati 100. 200 na 300 ni kwa mtu anayetaka saundi safi kwa sauti kubwa, isiyojikunja, na ana watu wa kumsaidia kubeba. Aina ya tyubu iache mwisho: 6550 na KT88 zinabaki imara zaidi chini na safi, 6L6 nazo safi ila wati kidogo, EL34 zinawahi kukwaruza katikati. Tofauti ipo, lakini boksi la spika linabadilisha saundi kuliko hizo zote.

Spika nayo ina sheria zake. Nyuma ya ampu ya tyubu utakuta matundu ya omu 4 na 8, nyingine 2 au 16 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia mkondo). Haya ni milango tofauti ya kutolea ya ile transfoma, unachomeka boksi kwenye tundu linalolingana na omu zake, na uzuri ni kwamba unapata wati zako zote kwa tundu lolote. Ampu ya transista iliyoandikwa wati 300 kwa omu 4 ukiipa boksi moja la omu 8 inatoa kama nusu hivi. Maboksi mawili ya omu 8 ukiyaunganisha sambamba yanakuwa omu 4, hamia tundu la 4. Na kitu ambacho hakina msamaha: usiwashe na kupiga ampu ya tyubu bila spika. Volti zikikosa pa kwenda zinarudi kwenye transfoma na kuitoboa, na transfoma ndo kipande cha bei mbaya kuliko vyote. Hii inatokea hata kwa mtu makini, anatumia kebo ya gitaa kuunganisha spika kwasababu vichwa vyake vinafanana, waya wake ni mwembamba, unapata moto, unakatika katikati ya shoo. Nunua kebo ya spika.

Tyubu za pawa zinachoka, hilo ulijue kabla. Zikichoka unabadilisha seti nzima iliyopimwa pamoja, halafu fundi anarekebisha bayasi, yaani kiasi cha mkondo tyubu inachovuta ikiwa imetulia. Bayasi ikikosewa utaiona kwa macho: zima taa za chumba, angalia ndani ya tyubu, ile sahani ya chuma ya kijivu ikianza kuwa nyekundu kama mkaa, zima ampu hapo hapo. Mwanga wa bluu kwenye kioo sio ugonjwa, huo wa kawaida. Tyubu mpya siku hizi zinatoka hasa Urusi, China na Slovakia, bei zake zilipanda vita ya Ukraine ilipoanza 2022. Na usifungue ampu mwenyewe, kapasita zake (vipande vinavyotunza umeme) zinaweza kubaki na mamia ya volti hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani, zinaua.

Kwa sisi wa huku Bongo na Kenya kuna suala la umeme. Ampu iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, umeme wetu ni 230 mpaka 240 kwa hezi 50. Transfoma ya kushusha inarekebisha volti, hezi hairekebishi, na ile sheria ya chuma na noti ya chini inafanya kazi hapa pia, transfoma ya ndani iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 tu itapata moto zaidi kwa hezi 50. Angalia kibandiko cha nyuma, kikiandikwa 50/60 Hz uko salama. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, ni lazima, kwasababu umeme ukipanda ukutani kila volti ndani inapanda nao, na fyuzi ikiungua weka ya namba ile ile iliyoandikwa, sio waya, sio karatasi ya sigara.

Ukienda kuangalia ya mtumba nenda na besi yako na kebo yako. Washa, iache ipate moto dakika 15 bila kupiga, sikiliza kama kuna mngurumo unaoongezeka, angalia sahani za tyubu gizani. Halafu pandisha volyumu mpaka pale utakapokuwa unapigia kweli na ushuke na E ya wazi, kisha G ya juu, ukisikia ya chini imepoteza uzito wakati ya juu iko sawa, badilisha boksi la spika ujaribu tena kabla hujailaumu ampu, ikibaki vile vile iache. Na bei ya seti ya tyubu iulize kwa fundi kabla hujalipa, yenye sita itakugharimu mara tatu ya yenye mbili kila zikichoka.