Kabla hujalipia gari la viti viwili, andaa dumu la maji

Kaka mmoja wa Shangani, Mtwara, alinipigia simu saa moja asubuhi. Amepata BMW Z4 ya mwaka 2004, nyeusi, paa la turubai, mwenyewe anaiuza haraka. "Fundi, njoo na mashine yako uisome, nijue kama injini nzima." Nikamwambia mashine nitakuja nayo, ila yeye aandae dumu la lita tano na jagi. Akacheka, akadhani nataka kunawa.

Kazi yangu ni kukagua magari ya watu kabla hawajatoa hela, hapa Mtwara na mara mojamoja Lindi. Mengi ni Toyota za kawaida. Lakini korosho zikipata bei nzuri mnadani, huja na haya ya kifahari: viti viwili, boneti refu, paa linalojikunja lenyewe. Wanunuzi wote huanza na swali moja: linakimbia? Linakimbia. Hiyo Z4 yenye injini ya lita 3.0 ina nguvu za farasi 231, inasukuma matairi ya nyuma. Sasa hapa mjini utaikimbizia wapi, kati ya tuta na tuta? Mimi nina swali moja tu kwa gari la aina hii: maji yakiingia, yanatokea wapi?

Paa la Z4 ya kwanza, ile iliyotengenezwa Spartanburg, Marekani, kuanzia 2002 hadi 2008, hujikunja kwa sekunde kama kumi. Ukilitazama utadhani ni uchawi, lakini ni oili inayosukumwa na mota ndogo ya umeme. Mota hiyo imekaa upande wa kushoto nyuma ya viti, chini kabisa, jirani na njia ya maji ya mvua. Maji yanayoteremka kwenye turubai huingia kwenye mfereji uliojificha, yakashuka kwa mpira mwembamba mpaka chini ya gari. Mpira ukiziba, maji hayana pa kwenda. Yanapanda, yanaifikia mota, na mota haijui kuogelea. Kuibadilisha kunataka kulegeza paa lenyewe, si kazi ya kufanyia chini ya mwembe ukiwa na spana mbili.

Na kinachoziba ni majani. Huku kwetu gari zuri hulazwa kivulini, na kivuli ni mwarobaini, mwembe au mkorosho. Majani ya mwarobaini ni membamba, yanapenya popote. Mvua za Januari mpaka Machi zikija, yanakuwa uji.

Najua kwa sababu tatizo hili liliwahi kunipita. Miaka ya nyuma nilikagua gari la paa la turubai, la kampuni nyingine kabisa. Lilikuwa kiangazi, paa likafunguka na kufunga vizuri, nikamwambia mteja alipie. Mvua ya kwanza akanikuta gereji, hakusema neno, akanifungulia mlango. Zulia lilikuwa linateleza kama mwani. Tangu siku hiyo natembea na jagi akilini.

Basi Shangani tukaanza. Kwanza nikafungua paa mara mbili, injini ikiunguruma ili betri isije ikasingiziwa. Usiangalie paa, funga macho usikilize. Mota nzima inavuma sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Iliyokwisha kunywa maji inakwaruza, au inalalamika halafu paa linasimama nusu njia. Hii ilivuma vizuri. Nikafunga paa nusu, nikapata ule mfereji wa kushoto, nikamwambia yule kaka alale kwenye jamvi atazame uvunguni. Nikamimina jagi la kwanza polepole.

"Yanatoka?"

"Bado."

La pili. Bado. Muuzaji akaanza kusema gari halijawahi kunyeshewa. La tatu nikalishika mkononi, kwanza nikapitisha waya laini wa plastiki kwenye tundu, nikausukuma na kuuvuta. Yule kaka akapiga kelele, akajivuta pembeni: maji meusi, na humo majani kama machicha ya chai, yamemwagikia karibu na sikio lake. Juu yetu mwarobaini mkubwa, umetulia kama haukuhusika. Nikainua zulia la kushoto, nikabonyeza sponji ya chini yake kwa vidole. Kavu. Tulikuwa tumewahi, masika moja zaidi ingekuwa hadithi nyingine.

Injini nitaisema kwa kifupi kwa sababu kila fundi ataisema. Ile ya 2004 hula oili kidogo kadiri inavyozeeka, kwa hiyo vuta kijiti cha kupimia oili mwenyewe. Tatizo la kweli ni plastiki za mfumo wa kupoza: tangi la maji, viungio vya mipira, shingo za rejeta. Zikishafika umri huu na joto hili hupasuka bila kuaga. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, uone kilichomo ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, au maji ya kisima. Maji yetu mengi yana chumvi, na ukiona ukoko mweupe kwenye viungio, hesabu bei ya rejeta kabla hujahesabu bei ya gari. Nyingi za kuanzia 2006 zina injini mpya ambayo wota pampu yake inaendeshwa kwa umeme, si mkanda. Kwenye hizo uliza kama pampu imeshabadilishwa. Ikifa, inakufa mara moja.

Usukani ndio unaodanganya wengi. Wa Z4 hii unasaidiwa na umeme, na unajulikana kwa kunata katikati hali ya hewa ikiwa ya joto, baada ya mwendo mrefu. Ukiizungusha Shangani hadi Mikindani na kurudi hutaona kitu. Nilimwambia mteja aweke mafuta, tukaenda mpaka Mingoyo, saa sita mchana, paa limefungwa. Shika usukani kwa vidole viwili kwenye barabara iliyonyooka, urekebishe kidogokidogo. Ukihisi unakwama halafu unaruka, kama droo iliyovimba, umeupata ugonjwa. Wetu ulikuwa laini kwenda na kurudi.

Safari hiyo ilitufundisha mengine. Kwenye rasta za karibu na shule gari zima linatetemeka mpaka meno, na kwenye matuta mawili ilibidi twende mshazari, tairi moja moja, bodaboda nyuma yetu wakipiga honi. Gari liko chini. Mtu wa Newala au Tandahimba anayetaka kulipeleka shambani wakati wa mavuno, namwambia mapema: nunua pikapu, hili lije la pili.

Halafu matairi. Z4 ilitoka kiwandani bila tairi la akiba. Badala yake ilipewa matairi yenye mbavu ngumu, ambayo hata upepo ukiisha unaweza kwenda kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa mpaka ufike kwa fundi. Sasa chuchumaa utafute alama ya RSC kwenye ubavu wa tairi. Kwenye gari la mtumba mara nyingi haipo: mwenye gari wa kwanza alishaweka matairi ya kawaida, maana yale magumu ni ghali na yanadunda. Kwa hiyo unabaki na gari ambalo halina tairi gumu wala la akiba. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, waliokwama na malori walau walikuwa na pa kulala. Katika gari la viti viwili utalala umekunja magoti kifuani.

Wanaotaka kuagiza Japani badala ya kununua lililopo nchini, wasitazame bei ya mtandaoni peke yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18, injini ikizidi lita mbili kuna asilimia 10 nyingine, na juu yake kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka. Kikokotoo cha TRA kiko wazi, anza na hicho.

Yule kaka alinunua, baada ya kupunguziwa hela ya matairi manne. Nikampa waya wangu wa plastiki na onyo moja: asipaki chini ya mwarobaini. Siku ya nne akanitumia picha. Gari linang'aa, limelazwa chini ya kibanda kipya cha makuti.

Nikampigia. "Kaka, na makuti nayo yanapukutika."

Akanyamaza kidogo. "Sasa fundi, nipaki wapi?"

"Bati, kaka. Piga bati."