Mircea Eliade: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Ni vigumu kusoma elimu ya dini chuo kikuu bila kukutana na Mircea Eliade. Mromania huyu, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1907 na kufariki Chicago mwezi Aprili 1986, ndiye aliyewazoesha wasomi kuzungumzia mahali patakatifu na wakati mtakatifu kama mambo yanayoweza kulinganishwa kutoka Australia hadi Siberia. Alikuwa pia mtunzi wa riwaya, na kwao wengi walimjua kwa riwaya kabla ya kumjua kwa usomi. Tena, katika miaka ya 1930, aliandika makala za kuiunga mkono Legioni ya Malaika Mkuu Mikaeli, kundi la kifashisti lililovuma zaidi kwa jina la Walinzi wa Chuma.

Juu ya hilo la mwisho yanasemwa mengi, ya kumsafisha na ya kumzika. Mengi kati ya hayo hayasimami ukiyaweka karibu na magazeti ya enzi hizo.

"Alikuwa kijana tu, hakujua anaunga mkono nini"

Mwaka 1937 alikuwa na miaka 30. Alikuwa ameshakaa India, ameshapata udaktari kwa utafiti wake juu ya yoga, anafundisha Chuo Kikuu cha Bucharest chini ya mlezi wake Nae Ionescu, na riwaya zake zinasomwa mji mzima. Huyo si mtoto wa kupotezwa njia.

Legioni nayo haikuwa imejificha. Corneliu Codreanu aliianzisha mwaka 1927, na chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa nguzo yake tangu siku ya kwanza. Desemba 1933 wafuasi wake walimpiga risasi Waziri Mkuu Ion Duca kwenye stesheni ya treni ya Sinaia. Mwaka 1936 walimfuata Mihai Stelescu, mwenzao aliyejitenga nao, hadi hospitalini alikolazwa wakamuulia kitandani. Mtu aliyekuwa akisoma gazeti Bucharest aliyajua haya, na Eliade hakuwa msomaji wa magazeti tu, alikuwa mwandishi wake.

Lililomvuta, kwa jinsi alivyoliandika mwenyewe, si mabavu ya mitaani. Aliona humo mapinduzi ya kiroho, kuzaliwa upya kwa taifa la Kikristo. Ion Moța na Vasile Marin, vigogo wawili wa Legioni waliokwenda kupigana upande wa Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walipouawa Hispania Januari 1937, aliandika juu ya kifo chao kwa lugha ya sadaka na wokovu. Kwangu hapo ndipo penye ubaya zaidi. Mpiga debe wa kawaida angesifu nguvu. Yeye aliyabariki mauti.

"Ni uzushi wa wakomunisti"

Utetezi huu ulifanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu rahisi: makala zilikuwa za Kiromania, na nje ya Romania ni wachache waliokuwa na uwezo wa kuzisoma. Lakini zipo. Katika gazeti la *Vremea* Septemba 1937, kwa jina lake, aliwashutumu viongozi wa nchi kuwa ni marubani vipofu walioacha Wayahudi wafurike mikoa ya Maramureș na Bukovina. Desemba mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi, *Buna Vestire*, gazeti la Legioni lenyewe, lilichapisha maelezo yake kwa nini anaamini Legioni itashinda. Hiyo ya pili baadaye aliikana. Sawa, tuiondoe mezani. Hizo nyingine anazifanyaje?

Na hao wakomunisti wanaosingiziwa? Ni kweli walivipiga marufuku vitabu vyake baada ya vita. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya kikomunisti ya Ceaușescu ilianza kumbembeleza na kuruhusu baadhi ya kazi zake zichapishwe tena nyumbani, kwa kuwa Mromania mwenye jina Marekani ni fahari ya taifa. Waliolifufua jalada mwaka 1972 walikuwa Wayahudi wa asili ya Romania waliohamia Israeli, kupitia jarida dogo liitwalo *Toladot*. Gershom Scholem, bingwa wa elimu ya Kabbalah (mafundisho ya siri ya Kiyahudi) na rafiki wa Eliade, akamwandikia kumuuliza yeye mwenyewe. Jibu lilikuwa kwamba hakumbuki kuandika hata ukurasa mmoja wa propaganda ya Legioni. Ziara aliyokuwa ameipanga Israeli ikafa.

"Alikuwa na rafiki Myahudi, basi hakuwachukia Wayahudi"

Rafiki mwenyewe ni Mihail Sebastian, mwandishi wa riwaya na tamthilia. Walikuwa kundi moja, wote wanafunzi wa Nae Ionescu, wakiingia na kutoka nyumbani kwa kila mmoja. Sebastian alimwomba Ionescu amwandikie dibaji ya riwaya yake kuhusu maisha ya Myahudi nchini Romania, iliyotoka mwaka 1934. Mwalimu akaandika dibaji inayosema kwamba Myahudi huteseka kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa, na hawezi kamwe kuwa Mromania. Eliade alijitokeza gazetini kupinga hoja hiyo: binadamu, kwa mujibu wa Ukristo, hawezi kumfungia mwenzake mlango wa wokovu. Watetezi wake huishia hapo, kwenye mwaka 1934, na kwa mwaka huo wana haki.

Kinachofuata kimo ndani ya shajara ya Sebastian, ambayo ilikuja kuchapishwa mwaka 1996 na kuwatikisa Waromania wengi. Imeandikwa bila kujua kwamba itasomwa, na ndiyo maana inauma. Machi 1937 Sebastian anasimulia mazungumzo marefu na Eliade, kisha anajiambia kwamba rafiki yake si tapeli wala mwendawazimu, ila hana uzoefu wa dunia, na kwamba ujinga wa namna hiyo una sura zake za maangamizi. Desemba anapata habari kwamba Eliade yuko vijijini na msafara wa kampeni wa Legioni. Chama cha kundi hilo kilishika nafasi ya tatu kwa zaidi ya asilimia 15 ya kura. Septemba 1939, Warsaw ikiwa inateketea, anaandika maneno aliyosimuliwa na rafiki mwingine: kwamba Eliade anawabeza Wayahudi wa Poland, na anasema heri Romania iwe chini ya ulinzi wa Ujerumani kuliko kufurikwa na Wayahudi. Hayo alisimuliwa, hakuyasikia kwa masikio yake, na msomaji mwaminifu ayapime hivyo. Lakini hata yeye aliyemjua Eliade kwa karibu hakuyashangaa.

Kiangazi cha 1942 Eliade alirudi Bucharest kwa muda mfupi kutoka Ureno. Sebastian alikuwa mjini humo, ameshapoteza kazi kwa sheria dhidi ya Wayahudi. Hawakuonana. Sebastian aligongwa na gari akafa Mei 1945, majuma machache baada ya vita kwisha Ulaya.

"Alikuwa kiongozi wa Walinzi wa Chuma na mikono yake ina damu"

Hapana. Hakuwa na cheo katika kundi hilo, na hata kama aliwahi kuwa mwanachama rasmi kunabishaniwa hadi leo. Mauaji ya Wayahudi mjini Bucharest, Legioni ilipoasi Januari 1941, yalitokea yeye akiwa Uingereza, katika kazi ya ubalozi. Alichofanya ni kulipatia kundi hilo kalamu na heshima yake, na hilo latosha bila kuongezewa chumvi.

Pia aliadhibiwa kwa hilo. Mfalme Carol II alipoligeukia kundi mwaka 1938, Eliade alikamatwa na kupelekwa kambi ya Miercurea Ciuc. Alitakiwa kutia saini tamko la kujitenga na Legioni. Akakataa. Alipougua kifua akahamishiwa sanatoria, akaachiwa Novemba. Mwezi huohuo Codreanu aliuawa mikononi mwa serikali.

"Alipohamia Magharibi aliyaacha yote"

Shajara yake ya Ureno, alikokuwa katika ubalozi kuanzia 1941 hadi 1945, inasema vingine. Anahuzunika Wajerumani wanaposhindwa Stalingrad kama mtu aliyefiwa. Mwaka 1942 alichapisha kitabu cha kumsifu Salazar, dikteta wa Ureno. Shajara hiyo ilitoka kwa Kihispania mwaka 2001 tu, miaka 15 baada ya kifo chake.

Baada ya vita alihamia Paris, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 akawa Chicago. Mwaka 1961 alianzisha jarida la historia ya dini pamoja na wenzake, na mwishoni akasimamia ensaiklopidia ya dini ya majuzuu 16. Katika miaka yote hiyo alifunika kombe. Hakuwahi kusimama hadharani akasema: niliandika haya, na sababu ilikuwa hii. Wanafunzi wake walimpenda, kwa kuwa kwa kila maelezo alikuwa mpole na mkarimu, na wengi wao hawakuwa na habari. Mmoja wao, Bruce Lincoln, alikuja kujifunza Kiromania uzeeni ili azisome makala mwenyewe, na mwaka 2023 akachapisha alichokikuta. Sidhani kuna hukumu nzito kuliko ya mwanafunzi anayefungua kamusi ili amsome mwalimu wake.

"Culianu aliuawa kwa sababu ya siri za Eliade"

Ioan Culianu, mrithi wake kitaaluma, alipigwa risasi msalani katika jengo la kitivo cha dini, Chuo Kikuu cha Chicago, tarehe 21 Mei 1991. Alikuwa na miaka 41, na alikuwa akiandika makali dhidi ya watawala wapya wa Romania. Muuaji hajajulikana. Wengine huwataja mabaki ya Legioni, wengine mashushushu wa Romania. Anayekuambia ana uhakika, mwulize kaupata wapi.

"Riwaya ya *Maitreyi* ni kisa cha kweli"

Mwaka 1930 Eliade alikuwa akiishi Kolkata nyumbani kwa mwalimu wake, mwanafalsafa Surendranath Dasgupta. Akapendana na binti wa mwenye nyumba, Maitreyi, msichana wa miaka 15 hivi aliyekuwa tayari mshairi. Dasgupta alipojua alimfukuza. Mwaka 1933 Eliade akatoa riwaya, akatumia jina halisi la msichana, na kuandika kwamba alikuwa akimjia chumbani usiku.

Maitreyi Devi alikuja kuyajua hayo kikamilifu baada ya miaka takriban 40. Mwaka 1973 alikwenda Chicago, akamkabili ofisini. Mwaka uliofuata alitoa riwaya yake kwa Kibengali, akikiri penzi na kukana kitanda, nayo ikapata tuzo kubwa ya fasihi ya India. Eliade alimwahidi kwamba kitabu chake hakitatoka kwa Kiingereza mwanamke huyo akiwa hai, na ahadi hiyo ilitimia: vyote viwili vilichapishwa Chicago mwaka 1994, baada ya kifo cha Maitreyi. Riwaya zote mbili ni nzuri. Ila mmoja alikuwa akitumia jina la mtu aliye hai.

"Usomi wake wote ni ufashisti uliovishwa joho"

Hapa wakosoaji huruka hatua. Inawezekana kuna uhusiano: yule aliyeichoka historia na kutamani turudi kwenye mwanzo mtakatifu si mgeni kwa yule wa 1937, na mwandishi wa Kitaliano Furio Jesi alilisema hilo tangu 1979. Lakini kitabu chake juu ya ushamani (uganga wa watu wanaosemekana kusafiri katika ulimwengu wa roho), cha mwaka 1951, huwezi kukitupa kwa sababu ya *Vremea*. Kitupe, kama ni kukitupa, kwa sababu ya makosa yake.

Na makosa yapo. Eliade alipenda kusimulia juu ya Waachilpa wa Australia ya kati, waliosafiri na mti mtakatifu; ulipovunjika wakalala chini wakafa, kwa kuwa walipoteza kitovu cha dunia. Jonathan Z. Smith, aliyefundisha naye Chicago, alirudi kwenye vitabu vya watafiti Spencer na Gillen ambamo kisa kilitoka, akaonyesha kwamba Eliade aliunganisha masimulizi tofauti na kukipa kisa maana ambayo chanzo hakiibebi.

Ndivyo alivyofanya na Afrika pia. Mungu wa mbinguni aliyeumba kisha akajitenga na watu ni mmoja wa wahusika wake wakubwa, na mifano mingi aliichota kwetu, kutoka ripoti za wamisionari na watawala wa kikoloni, bila kuja kufanya utafiti huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Okot p'Bitek wa Uganda aliandika kwa ukali dhidi ya wasomi wa Magharibi walioivika miungu ya Waafrika nguo walizokuja nazo kutoka kwao. Kosa hilo halikuhitaji mtu awe ameiunga mkono Legioni. Wengi waliolifanya walikuwa waungwana wasio na doa.