Atomu 6,100 si kompyuta ya kubiti 6,100

Nimetumiwa tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Caltech, chuo kikuu cha Marekani, wana kompyuta ya kwanta yenye kubiti 6,100 (kubiti ndiyo kipande cha msingi cha taarifa katika kompyuta hiyo). Jamani, hapana. Wala wao wenyewe hawakudai hivyo.

Walichofanya maabara ya Manuel Endres, kikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025, ni kugawanya leza ikawa vibano vya mwanga karibu 12,000 na kunasa humo atomu za sesiamu zaidi ya 6,100. Mbona nusu tu? Atomu mbili zikiingia kibano kimoja, mwanga unaozipoza huzifanya zigongane na zote mbili zinatoka. Inabaki moja au inabaki patupu. Nusu hiyo ni bahati nasibu ya kawaida kabisa.

Hali ya kwanta ya atomu hizo, ile dhaifu inayobeba taarifa, ilidumu sekunde 12.6, na hapo nilivua kofia. Lakini katika jaribio lile hawakufungamanisha atomu hata mbili, yaani kuunganisha hali zake za kwanta. Kuku 6,000 bandani si trei za mayai. Hesabu huanza pale atomu moja inapoathiri jirani yake, na kwa hilo sisi tunaofanya kazi na atomu tunazipandisha hadi Rydberg, hali ya nishati ya juu sana: ya kwanza ikipanda, jirani anazuiwa asipande. Hapo ndipo jasho lilipo. Kundi la Harvard mwaka 2023 lilifikisha geti la kubiti mbili (hatua moja ya hesabu kati ya kubiti mbili) kwenye usahihi wa 99.5%, atomu 60 kwa mpigo. Inasikika safi, sivyo? Pitisha mageti 200 mfululizo, nafasi ya kumaliza bila kosa inashuka hadi kama 37%.

Ndiyo maana tunataka kubiti za kimantiki, yaani taarifa iliyotawanywa kwenye atomu kadhaa ili makosa yaonekane, na hapo pia watu wanapiga chuku. Zile kubiti za kimantiki 48 za Harvard, za Desemba 2023, ni za kweli: vikundi 16 vya atomu nane nane, kila kimoja kikibeba kubiti tatu. Ila msimbo ule, yaani mpangilio huo wa kutawanya taarifa, unagundua kosa tu, haulisahihishi. Kosa likionekana, mzunguko mzima unatupwa. Kuchagua majibu mazuri baada ya jaribio ni halali, alimradi useme, nao walisema. Vichwa vya habari ndivyo vilivyonyamaza. Katika kazi hiyohiyo walionyesha pia misimbo inayosahihisha, ila kwa kubiti chache zaidi, na hizo hazikupata umaarufu.

Na kwa wanaouliza kuhusu friji kubwa za kompyuta za kwanta: hapana, sisi wa atomu hatuna. Friji za milikelvini, baridi karibu kabisa na sifuri halisi, ni za wenzetu wanaotumia saketi badala ya atomu, akina Google na IBM. Chemba yetu ina joto la chumba. Zinazopozwa ni atomu, kwa leza. Tuendelee.

Atomu kupotea kulininyima usingizi zaidi, mpaka Harvard, mwaka 2025 pia, walipoonyesha safu ya atomu zaidi ya 3,000 ikijazwa upya kwa saa mbili na zaidi bila kusimama. Kinachonisumbua sasa ni kasi. Mzunguko mmoja wa kusahihisha makosa kwenye Willow, chipu ya kwanta ya Google, ni takriban mikrosekunde 1.1. Sisi tunahamisha atomu, tunapiga picha, tunasubiri kamera. Tunahesabu kwa milisekunde. Wenzangu husema wingi wa kubiti na uhuru wa kuzihamisha utafidia. Huenda. Nikipiga hesabu ya programu yenye mageti mabilioni, bado haijaniingia akilini.