Kidonge cha tezi, uji wa lishe na baridi ya Julai

Mwezi wa Juni na Julai, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Makete na Njombe hadi Uporoto, nani asiyesikia baridi? Ndiyo maana mgonjwa wa tezi ya koo iliyo dhaifu anaweza kukaa miaka bila kujulikana. Anajifunika mablanketi matatu wakati wenzake wanatosheka na moja. Anachoka kabla jua halijapanda, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, hedhi inavurugika, mwili unanenepa ingawa hali chakula kingi. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Inauma sana kumwona mama aliyebeba lawama hizo miaka mitatu, na kipimo cha damu kikaeleza yote kwa siku moja.

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya koo, umbo lake kama kipepeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani. Katika ugonjwa ninaouzungumzia, kinga ya mwili inaacha vijidudu na kuigeukia tezi yenyewe. Ikiiharibu taratibu hadi ishindwe kutoa homoni ya kutosha, huo ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Ikiichochea itoe homoni kupita kiasi, ni ugonjwa wa Graves: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, pengine macho yanatokeza, na mtu anakonda huku anakula vizuri, hadi majirani wanaanza kunong'ona. Yote mawili huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Wazee wetu wa milimani walilijua goita, kwa sababu udongo wa huku una madini joto (ayodini) kidogo. Chumvi yenye madini joto iliposambazwa kuanzia miaka ya 1990, goita la aina hiyo lilipungua. Lakini wazo limebaki: shingo ikivimba, ongeza chumvi. Kwa mwenye Hashimoto ushauri huo haufai. Atumie chumvi hiyo kama kawaida ya nyumbani, asiongeze, kwani madini joto yakizidi yanaweza kuuzidisha ugonjwa. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu yeyote anunue unga wa mwani unaotangazwa mitandaoni kuwa unatibu tezi.

Siku hizi wengi wananiuliza kuhusu kutibu mwili mzima: chakula, usingizi, mazoezi, utulivu wa moyo. Naunga mkono kabisa, mradi kidonge kisiachwe. Tezi iliyokwisha kuharibika haitarudishwa na juisi wala majani. Kidonge hicho, levothairoksini, kinaziba pengo la homoni ambayo mwili umeshindwa kuitengeneza, na kwa wengi ni dawa ya maisha.

Dada mmoja, mkulima wa viazi, alikuja kliniki kwetu dozi ikiwa imepandishwa mara mbili na kipimo cha TSH, kile cha damu ambacho kikiwa juu kinaonyesha homoni ya tezi haitoshi, bado kiko juu. Nilimwomba anionyeshe anavyomeza. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kikaratasi: vidonge vya tezi na vya kuongeza damu vimechanganyika. Alikuwa anavimeza pamoja saa kumi na moja alfajiri, akisukumia na uji wa lishe wenye soya, kisha huyo shambani. Madini ya chuma, soya, maziwa na hata kahawa huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Dawa haikuwa na kosa, naye hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Tulipanga upya kwa kufuata maisha yake. Kidonge cha tezi kwa maji matupu mara anapoamka, uji baada ya nusu saa au saa nzima, cha kuongeza damu mchana, angalau saa nne baadaye. Ambaye alfajiri haimruhusu anaweza kumeza usiku, zikishapita saa tatu au zaidi tangu alipokula. Dozi ikibadilishwa, damu inapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, si wiki ijayo.

Kabichi msiiogope, ikipikwa na kuliwa kwa kiasi haina shida. Maharage, mboga za majani, parachichi, samaki, vyote vinafaa. Wanaotumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini watuambie kabla ya kipimo, kwa sababu vinapotosha majibu.

Mama akijihisi mjamzito asisubiri tarehe ya kliniki. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, na mtoto tumboni anaitegemea homoni ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo. Anayetumia kabimazoli kwa ajili ya Graves akipata homa na koo kuuma, asimeze dozi nyingine; aende kupimwa damu siku hiyohiyo. Na bibi mwenye tezi dhaifu akikutwa wakati wa baridi kali amepoa mwili, analala mno na kuchanganyikiwa, msimwachie blanketi tu: mpelekeni hospitali saa hiyo.

Siku ya kliniki njoo na mfuko wote wa dawa unazotumia, za dukani na za kienyeji, hata kile kikaratasi cha kwenye pindo. Hakuna atakayekugombeza. Tutavimwaga mezani, tuvipange pamoja kwa saa zako za shamba, za kupika na za kulala.