Askari wanyamapori sio kazi ya kifua tu

Tangu nikiwa mdogo nasikia eti aliyefeli shule akiwa na kifua aende tu porini akashike bunduki. Jamani sivyo. Hapa Tanzania njia ya kawaida ni umalize fomu foo ukiwa na cheti chenye ufaulu, halafu usome astashahada, wengi wanaenda chuo cha wanyamapori cha Pasiansi pale Mwanza, na chuo cha Mweka chini ya Kilimanjaro wapo tangu 1963 wanatoa mpaka digrii. Mazoezi yapo, tena magumu, ila kuna sheria pia, maana ukikamata mtu na jino la tembo kwenye kiroba lazima ujue kujaza hati ya ukamataji, saa, mahali, sahihi ya shahidi, ukikosea hapo kesi inaweza kufa mahakamani na tembo ndo keshauawa.