Feni haipoozi chumba chenye kompyuta

Wengi wanaoacha kompyuta ikiwaka usiku kucha huongeza feni, wakidhani chumba kitapoa. Hakipoi. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto: ikila wati 300, ni sawa na kuwasha hita ya wati 300 humo ndani. Feni hukausha jasho lako tu, na mota yake nayo ina joto lake. Hata ukifunga feni kubwa ndani ya kompyuta, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, itapoa lakini joto litahamia chumbani.

Litoe nje. Usiku, Dar ikishapoa kidogo, geuza feni dirishani ipulize nje, ufungue dirisha la upande wa pili. Mchana wa Januari usijisumbue, nje nako kunachoma; afadhali uzime skrini na kupunguza kazi za kompyuta.