Gethsemane: Yesu aliomba kwanza, ndipo akajikabidhi

Kwenye misiba yetu kuna maneno yanayofika kabla ya jeneza: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mama aliyefiwa na mtoto huambiwa anyamaze, ajikaze, asije akaonekana anashindana na Mungu. Wanaosema hivyo wana nia njema, na mimi naamini kwa moyo wote kwamba Mungu hakosei. Lakini katika huduma yangu kwa wagonjwa na wafiwa nimeona watu wengi wakitwishwa ukimya ambao Bwana wetu mwenyewe hakuubeba.

Usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake, huko Gethsemane, chini ya Mlima wa Mizeituni, Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana akawaambia waziwazi: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Hakuificha. Akaenda mbele kidogo, akaanguka kifulifuli, akaomba kikombe kimwepuke. Luka anaongeza kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Huyu ni Mwana asiye na dhambi, naye anamwomba Baba amwondolee mateso. Basi mgonjwa wa saratani anayelia usiku, "Mungu niponye, sitaki kufa," hajamkosea Mungu hata kidogo.

Ukisoma Mathayo 26 taratibu utaona sala ile inavyosogea. Mstari wa 39 anasema, "ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Kwenye mstari wa 42 ombi limebadilika: "ikiwa haiwezekani kikombe hiki kiniepuke nisipokinywa, mapenzi yako yatimizwe." Sasa anazungumza kama aliyekwisha kutambua njia iko wapi. Kisha anaomba mara ya tatu, maneno yale yale. Katikati ya sala hizo alikuwa akiinuka, akiwaendea wanafunzi, akiwakuta wamelala, akirudi tena kuomba. Kujikabidhi kulimchukua muda hata yeye. Kwa nini tumdai mjane akamilishe safari hiyo kabla ya matanga kuanuliwa?

Waebrania 5:7 hunisimamisha kila mara. Inasema alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi; akasikilizwa." Alisikilizwaje, ikiwa kesho yake alisulubiwa? Mstari wenyewe unamtaja Baba kuwa ndiye "awezaye kumwokoa na kumtoa katika mauti," na alimtoa kweli, siku ya tatu, akiwa amekwisha kupita kaburini. Na usiku uleule, asema Luka, malaika alimtokea akamtia nguvu. Kikombe kilibaki, nguvu zikaja. Nimewaona wagonjwa waliopewa hivyo, nami sina namna nyingine ya kueleza utulivu waliokuwa nao.

Hapa lazima niseme jambo kwa ukali kidogo. Si kila maumivu ni kikombe kutoka kwa Baba. Mwanamke anayepigwa na mumewe huambiwa avumilie, ndiyo mapenzi ya Mungu. Mgonjwa wa kisukari huambiwa aache dawa ili aonyeshe amejikabidhi. Mafundisho hayo yanaua. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa Yesu kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake. Yohana 7:1 inasema hakutaka kutembea Uyahudi kwa sababu Wayahudi walikuwa wakitafuta kumwua. Hata Gethsemane alijikabidhi kwa Baba, hakujikabidhi kwa Yuda; Petro ameandika kwamba alijikabidhi "kwake yeye ahukumuye kwa haki." Anayetoroka kipigo na anayemeza dawa zake wako ndani ya mapenzi ya Mungu.

Tazama pia Daudi, 2 Samweli 12. Mtoto alipokuwa mgonjwa alifunga, akalala chini usiku kucha akimsihi Mungu, akakataa kuinuliwa na wazee wa nyumba yake. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akaenda kuabudu, ndipo akala. Watumishi wake walishangaa. Maadamu mtoto alikuwa hai, Daudi aliona bado kuna nafasi ya kuomba, akaomba kwa nguvu zake zote.

Kwa hiyo nikiitwa kando ya kitanda, sianzi na "mapenzi yako yatimizwe." Mara nyingi nasoma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la sifa, nami siongezi sifa juu yake. Kisha namuuliza mgonjwa anataka Mungu amfanyie nini, tunaliomba jambo hilo tukilitaja waziwazi. Akisema bado anataka kikombe kimwepuke, tunabaki kwenye mstari wa 39, na kesho nikirudi tunaanzia hapo hapo.